Tumbo halinyolewi: Mama Wivine na wembe wa Kamalondo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua halijapanda vizuri juu ya Lubumbashi, na Wivine Mwila tayari anagombana na mashine.

"We, leo usinichezee," anaiambia, huku akikipiga kifuniko chake cha chuma kwa kiganja. "Bantu bananingoja." Kwa Kiswahili cha huku, bantu ni watu.

Mashine yenyewe ni ile ya kuua vijidudu kwa mvuke kwenye vyombo vya upasuaji, ambayo hapa hospitalini kila mtu anaiita autoclave. Ni kuukuu, inavuja pembeni, na umeme ukikatika katikati ya kazi inabidi kuanza tena tangu mwanzo. Mama Wivine, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, amekaa nayo miaka minane. Anaijua kama mtu anavyomjua mume mlevi.

Mvuke unapotulia, anatoa mizigo miwili iliyofungwa kwa kitambaa na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kila mzigo umebandikwa utepe. Mistari ya utepe ikiwa imegeuka myeusi, vyombo vya ndani viko tayari. Yeye husema "vimeiva". Ikiwa bado imepauka, mzigo unarudi ndani, hata kama waziri ndiye anayengoja kupasuliwa.

Mzigo mkubwa una kitambaa cha kijani, mdogo una cheupe. Leo kuna mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ule mweupe haufunguliwi hadi daktari amalize kazi ya utumbo, avue glovu zilizochafuka na kuvaa mpya. Hapo ndipo anapewa vyombo visafi vya kushonea tumbo.

"Kisu ya kutumbulia samaki haikate mukate," anasema Mama Wivine, ambaye kwake "ndiyo" ni "njo". "Utumbo iko na microbes mingi sana. Ukimaliza kule, unatupa gants, unavaa zingine, njo unafunga ngozi. Docteur anaweza kuniita kichwa ngumu. Aniite."

Wengi hudhani saratani ikishakatwa, vita vimekwisha. Wapi! Kidonda kikiingia vijidudu, nyuzi zinaachia, usaha unatoka, na mgonjwa aliyetarajiwa nyumbani baada ya siku kumi analala wodini wiki nne, sita. Dawa za kumalizia saratani haziwezi kuanza mwili ukiwa hivyo. Wengine hawatoki kabisa.

Mama Wivine hakuyasoma hayo kitabuni. Aliyaona kitandani kwake, katika mtaa wa Kamalondo.

Juu ya autoclave kuna mablanketi mawili yaliyokunjwa, yanapata joto. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Aliwasikia madaktari wakisema kwamba mgonjwa akipata baridi mezani kidonda chake hupona kwa shida, kesho yake akaja na mablanketi kutoka nyumbani. Ni blanketi mojawapo lililoleta zogo la mwezi wa sita, ambalo hospitali nzima bado inalizungumza.

Baridi ya mwezi wa sita Lubumbashi si ya mchezo. Asubuhi ile ya Jumanne, Papa Anaclet, fundi wa reli mstaafu mwenye miaka sitini na minne, alisukumwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji akitetemeka. Alikuwa ametoka damu chooni kwa miezi saba, akijidanganya kuwa ni bawasiri na kunywa mizizi michungu, mpaka daktari alipouona uvimbe.

Mama Wivine alitoka na blanketi lake la moto. Alipofunua shuka ili amfunike vizuri, akasimama.

Tumbo lote lilikuwa limenyolewa, kutoka kifuani hadi kwenye nyonga, liking'aa kama kichwa cha mtoto mchanga. Na juu ya ngozi hiyo kulikuwa na mikwaruzo myembamba, na kando ya mikwaruzo vipele. Vingine vilikuwa na ncha nyeupe.

"Papa, nani alikunyoa?"

Papa Anaclet alijibu kwa fahari, akiwa amelala vilevile. "Dédé, kinyozi wa ku avenue yetu. Bibi yangu alinipeleka juzi. Na wembe mupya! Alisema nisikuye ku opération na manyoya sawa mbuzi."

Kiki, muuguzi aliyekuwa akimsukuma, alitazama pembeni. Alikuwa ameviona vipele hivyo wodini, anakiri leo, lakini orodha ya siku ilikuwa ndefu na yeye alikuwa peke yake.

Mama Wivine akamwita Docteur Osée, daktari mpasuaji, aliyekuwa ameshanawa mikono na kuvaa glovu.

"Mama Wivine, nini tena?"

"Docteur, kuya uangalie hii tumbo."

"Ni vipele tu, mama. Tukimwacha leo, hakuna nafasi nyingine kabla ya siku nane. Nenda ulete mizigo."

Hapo mtu mwingine angeinamisha kichwa. Mshahara wa Mama Wivine, akishanunua mfuko wa unga na kulipia usafiri, unabaki wa kununua sabuni. Kazi ya namna hiyo haina mdhamini. Lakini Mama Wivine alirudi kwenye chumba chake, akaikumbatia mizigo yote miwili kifuani, akarudi nayo mlangoni na kusimama.

"Mi siko docteur," alisema. "Lakini hii mizigo, leo, sifungui. Unaweza kunifukuza, nitaenda. Nitaenda nayo."

"Mama Wivine!"

"Docteur, ile tumbo nilishaiona. Iliniulia bwana."

Docteur Osée, mwenye miaka thelathini na sita, hacheki anaposimulia. "Nilikasirika sana," anasema. "Mbele ya wanafunzi wangu, mwosha vyombo ananizuia! Halafu nikaangalia tena. Vipele vitano vilikuwa na usaha. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wanafunzi kwamba ngozi ya namna hiyo usiikate, kama operesheni inaweza kungoja. Nilikuwa nimechoka tu, nikitaka orodha iishe."

Wembe, anaeleza, hata ukiwa mpya na mkono ukiwa mwepesi, huacha mikato midogo ambayo jicho halioni, na vijidudu hujenga humo. Nywele za tumbo mara nyingi hazimzuii daktari. Zikimzuia, hupunguzwa kwa mashine, hospitalini, muda mfupi kabla ya upasuaji. Karatasi waliyopewa akina Papa Anaclet ilisema aoge kwa sabuni siku moja kabla na asubuhi ya upasuaji. Kuhusu kunyoa haikusema neno.

Docteur Osée alivua glovu. "Siku nane," akasema. "Na wewe ndiye utakayemweleza mke wake."

Uani, Mama Brigitte, mke wa Papa Anaclet, alikuwa ameketi juu ya mkeka na wifi yake aliyefika jana yake kutoka Pweto na furushi la samaki wakavu. Walikuwa wamefunga tangu Jumapili. Rozari ilikuwa mkononi.

Alipoambiwa, alisimama taratibu.

"Unajua ni nini, kumuambia muntu wa cancer angoje?"

"Najua, mama."

"Haujue! Ile kintu iko inamukula ndani, na we unasema siku munane juu ya vipele? We ni nani? Docteur ni we?"

"Hapana."

"We ni muosha makasi!"

"Eeh," Mama Wivine alijibu. "Ni muosha makasi. Kaa chini, mama, nikuambie vile nilimuua bwana yangu."

Na mbele ya uwanja mzima wa ndugu wanaouguza wagonjwa wao, masufuria yakiwa motoni, akasema.

Miaka tisa iliyopita, Mama Wivine alikuwa mshonaji wa nguo Kamalondo. Baba yake alishuka kutoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, na mume wake, Sylvain, alikuwa mtoto wa reli vilevile. Sylvain alipopatikana na saratani ya utumbo, walipangiwa upasuaji katika hospitali ambayo Mama Wivine hataki kuitaja. Jioni ya mwisho nyumbani alichemsha maji, akanunua wembe mpya na sabuni yenye harufu nzuri, akamlaza juu ya kitanda na kumnyoa kutoka kifuani hadi mapajani.

"Kwetu muntu haende mbele ya docteur na haya," anasema. "Anaoga, ananyolewa, anapakwa mafuta. Sylvain alikuwa anacheka, wembe ilikuwa inamutekenya. Nilimunyoa muzuri sana. Hata kinyozi asingefanya vile."

Siku ya tano baada ya upasuaji, kidonda kilianza kunuka. Siku ya ishirini na tatu walimzika.

Wakati huo hakuna aliyemtajia wembe. Baadaye hospitali anakofanya kazi sasa ilimchukua kushona mashuka na makoti ya upasuaji, kisha ikamhamishia kwenye autoclave. Katika mwaka wake wa pili kulikuwa na mafunzo, na mwalimu akasema, kama mtu anayesoma bei ya viazi, kwamba mgonjwa wa tumbo hanyolewi kwa wembe. Mama Wivine alitoka nje, akatapika nyuma ya jengo.

Je, ni wembe uliomuua Sylvain? Docteur Osée anasema hakuna anayeweza kujua. Pengine vyombo havikuwa safi, pengine sindano ya kinga dhidi ya vijidudu ilichelewa. Mama Wivine amemsikia mara nyingi. Hataki kufarijiwa. Shemeji yake mmoja aliwahi kumwambia kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Sitaki pole," alimjibu. "Nataka wembe ikae mbali na matumbo ya bantu."

Uani pale, Mama Brigitte aliposikia yote, alikaa chini kwenye mkeka. Rozari ilimwanguka.

"Basi ni mimi nilimufanya vile?"

"Ni we, na mimi mbele yako," Mama Wivine alisema. "Lakini bwana yako eko muzima. Tumurudishe nyumbani, tuangalie ngozi."

Siku nane ni nyingi. Akina Papa Anaclet wanakaa barabara mbili tu kutoka kwa Mama Wivine, na kila jioni alipotoka kazini alipita kwao. Tumbo lilioshwa kwa sabuni na maji, likakaushwa, basi. Mafuta hapana. Majani ya yule wifi wa Pweto hapana. Kikundi cha maombi kilipotaka kuweka mikono juu ya tumbo, aliwaambia waiweke kichwani, Mungu atajua njia.

Mchana alikuwa simba. Usiku hakulala.

"Niliogopa," anasema waziwazi. "Ile cancer ingetembea ndani ya zile siku munane, bangesema Wivine njo alimuua. Na mi ningesema vilevile."

Siku ya saba vipele vilikuwa vimekauka. Kesho yake Papa Anaclet alirudi mezani, akiwa amemeza dawa za kusafisha utumbo na za kuua vijidudu, akapigwa sindano ya kinga kabla ya kisu, akafunikwa blanketi la moto. Nywele zilizokuwa zimeanza kuota kama mabua ziliachwa zilivyo. Upasuaji ulichukua saa nne. Uvimbe ulitoka, na Docteur Osée hakuona dalili kwamba umesambaa.

Alipomaliza na utumbo, alinyoosha mkono kupokea sindano ya kushonea. Sindano haikuja. Mama Wivine alikuwa amesimama karibu na ukuta na mzigo mweupe.

"Gants kwanza, Docteur."

"Nilikuwa nataka kubadilisha!"

"Badilisha, nione."

Chumba kizima kilicheka, hata mtu wa dawa ya usingizi. Glovu zikabadilishwa, za wote. Mzigo mweupe ukafunguliwa.

Halafu ikaja siku ya tano. Mama Wivine hakula tangu asubuhi. Saa tisa alasiri simu yake ikalia. Ni Mama Brigitte, analia.

"Mwili iko moto! Anatetemeka!"

Kutoka chumba cha autoclave hadi wodi ya upasuaji ni mwendo wa dakika tatu. Mama Wivine alikimbia, yeye na magoti yake mabovu, akaacha mlango wazi. Kiki alikuwa ameshavaa glovu na kuanza kufungua bandeji ya kidonda. Wote watatu waliinama. Mama Wivine alifanya jambo ambalo si la heshima: alinusa.

Hakuna kitu. Mshono mkavu, ngozi ya kando haina wekundu wala uvimbe.

Damu ikapelekwa maabara. Jibu lilirudi baada ya saa moja: malaria.

"Tangu nizaliwe," anasema Kiki, "sijawahi kuona bantu banacheza juu ya malaria. Mama Brigitte alipiga vigelegele wodini. Wagonjwa wengine walifikiri kuna harusi."

Papa Anaclet alitolewa nyuzi kwa wakati wake na akarudi nyumbani, na kutoka kwenye gari hadi mlangoni alitembea kwa miguu yake. Dawa za saratani alizianza kwa tarehe iliyopangwa, na sasa ameshapata duru mbili. Hajapona bado, na hakuna anayemwahidi. Lakini yuko katika vita vyenyewe, si katika vita vya usaha.

Mtu mwingine angeridhika. Thubutu! Mama Wivine aliomba mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi wanayopewa familia. Ofisi ikamwambia ombi lake limepokelewa na litaangaliwa. Alingoja wiki mbili. Kisha akanunua kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo, wakati autoclave inachemka, anaandika kwa mkono juu ya kila karatasi: MUSINYOE. Ameshaandika zaidi ya mia mbili. Mkubwa mmoja alimuuliza nani kampa ruhusa. Alimjibu kwamba ombi la ruhusa limepokelewa na litaangaliwa.

Jumamosi na Jumapili ni zamu ya vinyozi. Ameihesabu Kamalondo yote: saluni thelathini na moja. Wa kwanza alikuwa Dédé mwenyewe, ambaye aliona ametukanwa.

"Wembe ilikuwa mupya, mama! Niliifungua mbele yake!"

"Hata mupya inakata, ndugu yangu. Njo kazi yake."

Dédé alinuna mwezi mzima. Siku hizi, mtu akiletwa kwake kunyolewa tumbo, humrudisha nyumbani na kumwambia akamwulize Mama Wivine.

Jumamosi iliyopita anaingia ya kumi na nane, saluni ya kijana aitwaye Mumba, yenye viti viwili na redio inayoguna. Mumba anamsikiliza kwa dakika moja.

"Mama, client analeta feza, mi nikatae? Rudia ku hospitali yako uoshe makasi."

Mama Wivine anatazama kile kiti kitupu. Anakaa. Anafungua kitambaa chake cha kichwa na kukiweka mapajani.

"Basi ninyoe. Kichwa yote. Wakati unanyoa, utanisikiliza."

Wateja wanaangua kicheko. Mumba anasimama na mashine mkononi, hajui acheke au aiwashe. Hapo mlangoni anaingia mzee mwembamba, anatembea polepole, mke wake amemshika kiwiko. Ni Papa Anaclet. Anasema alikuwa anapita tu, lakini Mama Brigitte anatazama dari, na ni wazi mpango huu uliiva kabla.

Papa Anaclet anafungua vifungo vya shati kimoja kimoja.

Mshono unashuka kutoka juu ya kitovu hadi chini, mwembamba, mnyoofu, rangi ya chai. Nywele zimeota pande zote mbili. Hakuna anayecheka tena. Mumba anaweka mashine mezani na kusogea karibu.

"Iliuma, papa?"

"Ya kukatwa, kidogo. Ya kungoja siku munane, ile njo iliuma. Nilimuchukia huyu mama. Kila jioni nilikuwa nasema, asikuye leo. Na kila jioni alikuya." Anafunga shati. "Ndevu utaninyoa, sikatai. Tumbo, achana nayo."

Ukutani kuna ubao wa bei: kichwa, ndevu, watoto. Mumba anatafuta chaki kwenye droo, na chini ya mstari wa mwisho anaandika: *Tumbo, hapana.*

Zimebaki saluni kumi na tatu. Akimaliza Kamalondo, Mama Wivine anataka kuingia mtaa wa Katuba, na kabla ya kustaafu anataka kuona mstari wake umepigwa chapa kwenye karatasi ya hospitali, ili kalamu yake nyekundu ipumzike. Anainuka kwenye kiti, anafunga kitambaa chake, anausogelea ubao na kuukodolea macho.

"Futa," anamwambia Mumba. "Andika kubwa. Kuko bantu habaone muzuri. Bwana yangu alikuwa vile."

Mumba anafuta kwa kiganja, anaandika upya.